Baruti ya Mwaka Huu

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Walikuja kwangu mabwana wawili wenye miwani myeusi kuniuliza iko wapi, nikawaambia haipo, wakaandika, wakanywa chai yangu, wakaondoka wameridhika. Kwa hiyo msomaji akiona humu jambo linalofanana na la kwao, ajue ni macho yake tu, na aende akapimwe.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, mimi nilikuwa Mwandishi Mkuu wa Tarehe katika kambi ya Ukavuni. Usicheke. Ni cheo kikubwa. Kanali alikuwa na nyota, mimi nilikuwa na brashi, na kwa sheria za kwetu brashi ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho.

Sheria yenyewe iliitwa Sheria ya Kutozeeka kwa Mali ya Umma. Ilianza hivi: Mtukufu Rais alipotimiza miaka hamsini na miwili aliupenda sana umri huo, akabaki nao. Mwaka uliofuata akatimiza tena hamsini na miwili, na uliofuata vilevile. Waheshimiwa wabunge wakaona si adabu Rais kuwa kijana huku mali yake ikikimbilia uzeeni, wakapiga makofi na kupitisha kwamba chochote cha umma hakizeeki. Daraja halizeeki. Gari la wagonjwa halizeeki. Mtumishi wa serikali naye, kwa kuwa ni mali ya umma, hazeeki. Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige, na meno matatu tu ndiyo yaliyobaki kazini, lakini kwenye jalada langu nina miaka arobaini na sijafikia kustaafu.

Kazi yangu ilifanyika mara moja kwa mwaka, katika Siku ya Upya, ambayo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu Rais. Siku hiyo makasha yote ya risasi na makombora hupakwa rangi ya kijani iliyokolea, kufuta tarehe ya zamani. Kisha mimi napita na kibati kilichokatwa tarakimu za mwaka, nakibandika kwenye kasha, napitisha brashi yenye rangi nyeupe, na kombora linakuwa limetengenezwa mwaka huu. Vibati vya miaka iliyopita huyeyushwa siku hiyohiyo mbele ya mashahidi, ili asipatikane mtu wa kulirudisha taifa nyuma.

Nilikuwa na mkono mzuri. Sisemi kwa kujisifu. Mabalozi waliwahi kuletwa Ukavuni kutazama tarehe zangu, na mmoja wao alisema hajawahi kuona jeshi lenye silaha mpya kama letu. Nilifurahi wiki nzima.

* * *

Ghala lenyewe lilikuwa la mabati, juu mabati, pembeni mabati, limesimamishwa kwenye uwanda wa mchanga usio na hata kichaka. Mchana huwezi kuweka kiganja kwenye kasha. Alfajiri huingia ubaridi wa kutetemesha meno, mabati yakalia kwa kujikunja, na jua likipanda yanalia tena kwa kujikunjua. Kiangazi vumbi liliingia kila upenyo. Masika maji yalipita chini ya makasha, na vyura walitaga humo kwa amani ambayo raia wengi wangeitamani.

Hapo zamani ghala lilipewa mashine ya kupoza hewa. Ilifika ikiwa ndani ya boksi lake, ikaonekana, ikapigiwa saluti, kisha ikahamishiwa kwenye ukumbi wa kambi inapotundikwa picha ya Mtukufu Rais, kwa sababu rangi ya picha ilianza kupasuka shavuni kwa joto. Hakuna aliyepinga. Rais hazeeki, lakini picha yake, tulivyoambiwa kwa kunong'onezwa, inaweza.

Ndipo akaja Sajini Siwatu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini na tabia mbaya ya kusoma kila alichopewa asaini. Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo miaka minne asomee namna baruti inavyoharibika, kisha ikasahau kwa nini ilimpeleka, na aliporudi wakampa ukaguzi wa ghala la Ukavuni kwa kuwa nafasi ya mpishi ilikuwa imejazwa.

Siku yake ya kwanza nilimkuta amechuchumaa mbele ya kasha, anakwangua rangi kwa kisu.

"Shikamoo, Mzee Kondo," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Sajini, unaharibu tarehe yangu."

"Nahesabu, mzee wangu. Tazama." Akanionyesha ubavu wa rangi aliyoikata, nene kama ukoko wa ugali. Kijani, alama nyeupe, kijani, alama nyeupe. "Nimefika thelathini na moja na bado sijagusa ubao."

Nikamwambia kwamba kasha limeandikwa mwaka huu. Akasema anaona, mwandiko ni mzuri. Kisha akanifungulia kasha, akaniambia ninuse. Nikanusa. Kulikuwa na ukali wa siki, unaochoma puani.

"Baruti ya kurushia kombora," akanieleza kwa subira kama mwalimu wa darasa la kwanza, "huchanganywa na dawa ya kuituliza. Ikikaa mahali pa baridi, dawa hudumu miaka mingi. Ikikaa jotoni, dawa huliwa upesi. Dawa ikiisha, baruti huanza kujipasha moto yenyewe. Haihitaji kiberiti, Mzee Kondo. Inajiwashia."

"Na lini inajiwashia?"

"Haitumi barua."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akatundika kipimajoto kwenye nguzo, na saa saba mchana kikaonyesha nyuzi hamsini na nane.

* * *

Kanali Mtipa, mkuu wa kambi, alikuwa mtu mnene mwenye upole wa kutisha. Alimwita Sajini ofisini, nami nikaitwa kama mtaalamu wa tarehe. Kipimajoto kilikuwa mezani, kimefungwa kamba.

"Sajini," akasema Kanali, "kanuni za ghala zinasema joto ni nyuzi ishirini na tano. Kifaa chako kinasema hamsini na nane. Nani kati yao ni mtiifu?"

"Afande, kanuni zinasema joto lisizidi ishirini na tano. Limezidi."

"Kanuni imetiwa saini na Mtukufu Rais. Kipimajoto kimetiwa saini na nani?"

 Kipimajoto kikapelekwa mahabusu kwa kosa la uchochezi, na mlinzi wa zamu akakiandikisha kwenye daftari la wahalifu, mlango wa pili kushoto.

Lakini mwanamke yule hakukata tamaa. Alijaza fomu ya kuomba makombora yote elfu sita ya lile ghala yapelekwe jangwani, mbali na watu, yateketezwe kwa utaratibu. Fomu ilikuwa na swali moja gumu: umri wa makombora. Kanuni inaruhusu kuteketeza kombora lililotimiza miaka ishirini. Sajini aliandika "miaka thelathini na moja au zaidi". Fomu ikarudi na maneno ya wino mwekundu kwamba, kwa mujibu wa tarehe zilizo kwenye makasha, makombora yana miezi minne, na kuyaua yakiwa machanga hivyo ni ukatili.

Akaandika tena. Akaomba basi, kama hayateketezwi, yahamishwe penye kivuli na upepo, umbali wa kilomita moja kutoka kwa watu. Kwa maana nimesahau kusema: hatua mia mbili kutoka ghalani, ng'ambo ya senyenge, kulikuwa na shule ya msingi ya Ukavuni yenye watoto mia tatu na ushee. Ilijengwa pale makusudi, ili watoto wakue wakitazama nguvu za taifa lao.

Jibu likaja kwamba ombi limepokelewa na litajibiwa.

* * *

Ikaamriwa pia yafanyike majaribio, ili kumtia Sajini aibu. Tukatoka uwandani na mzinga mmoja na makombora matatu yaliyochaguliwa kwa uzuri wa mwandiko. Kanali alikaa chini ya mwavuli.

Kombora la kwanza halikutoka. Likabaki ndani ya mzinga likitoa moshi mwembamba, tukalisubiri kwa heshima nusu saa. La pili lilitoka, likaenda hatua themanini, likaangukia jiko la maofisa na kuua sufuria mbili. La tatu lilipasuka mlemle ndani ya mzinga. Askari aliyekuwa akiuhudumia aliitwa Mbaruku, kijana wa watu, mcheshi, mpiga filimbi wa bendi. Alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia na jicho.

Taarifa ya Kanali kwenda makao makuu niliiandika mimi, kwa sababu ya mwandiko. Ilisema kombora la kwanza lilionyesha uzalendo kwa kukataa kuondoka nchini, la pili lilionyesha mapenzi kwa kutokwenda mbali na wakubwa wake, na la tatu lilikuwa na hamu kubwa ya kazi hata likashindwa kusubiri. Mbaruku aliandikwa kuwa ameacha filimbi kwa hiari.

Sajini alikataa kusaini taarifa ile. Alikuja kwangu akiwa na damu ya Mbaruku kwenye mkono wa shati.

"Mzee Kondo, wewe una wajukuu?"

"Ninao."

"Andika barua pamoja nami. Sema tu rangi ina tabaka thelathini na moja. Wewe ndiye uliyezipaka. Mimi wananiona mchochezi, lakini wewe wakikusikia hawatakuwa na la kusema."

Nikamwambia mambo ya wakubwa huachiwa wakubwa. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akasema, "Na mficha maradhi, mzee, kifo humuumbua." Akaenda zake. Nilimkasirikia kwa kunijibu methali kwa methali, mimi mtu mzima.

* * *

Langoni mwa kambi alikuwa akikaa Bi Zuhura, muuza vitumbua. Mjane, mkavu wa maneno, mkarimu wa vitumbua. Askari wote tulikula kwake, na wengi hatukumaliza kumshukuru. Alikuwa na binti mmoja tu, Mwajabu, ambaye asubuhi humsaidia kubeba kikaango kisha hukimbilia shuleni akivuta soksi.

Siku moja Bi Zuhura akanishika kanzu.

"Mzee Kondo, nisaidie akili. Yule Sajini mwembamba kaniambia nimtoe mwanangu shule, nimpeleke kwa bibi yake kule Mtandule mpaka mvua zinyeshe. Kasema vitu vya ghalani vimeoza. Ni kweli?"

Kanali alikuwa amesimama karibu, anakula kitumbua.

"Vimeoza vipi, mwanangu?" nikamjibu. "Vimetengenezwa mwaka huu."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye ninayeandika."

Akacheka kwa kupumua. Akasema alijua tu, mtu hawezi kumtoa mtoto shule karibu na mitihani kwa maneno ya mtu mgeni. Akanipa vitumbua viwili vya juu, akakataa nivilipie. Nilivila njiani, vilikuwa vya moto.

* * *

Malalamiko ya Sajini yalipozidi, akaja Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Furaha, Jenerali Makwangala, pamoja na Tume ya Wataalamu saba. Mmoja alikuwa mtaalamu wa kuku, wawili mashemeji wa Waziri, na waliobaki walijitambulisha kuwa wazalendo. Msafara wa magari uliingia na vioo vimefungwa. Waziri alishuka, joto likampiga usoni, akapepesuka, na shemeji mmoja akamshika kiuno. Aliingia ghalani kwa muda wa kuhesabu mpaka arobaini.

"Harufu hii ni ya nini?" akauliza akiziba pua.

"Ni baruti inaoza, Mheshimiwa," akasema Sajini.

"Ni harufu ya ushindi, Mheshimiwa," akasema Kanali.

Tume ikapiga kura, ikawa ushindi, kura saba kwa sifuri. Kisha Waziri akapanda jukwaani, kivulini, akahutubia. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa juani tangu saa mbili wakishika vibendera.

"Wananchi wa Ukavuni!" akanguruma. "Wapo watu, tena wamevaa sare yetu na kula ugali wetu, wanaosema makombora yetu yamezeeka. Nawauliza: mtu akisema kombora la Rais limezeeka, kesho atasema nini? Atasema Rais naye..." Akasita, akajifuta jasho. "Sitamaliza! Midomo ya kumaliza sentensi hiyo haijazaliwa! Adui zetu wana makombora yanayozeeka kila mwaka. Wanayahesabu miaka, wanayaficha mashimoni kwenye baridi kama viazi! Sisi yetu yanakaa juani, yanakomaa, yanakuwa madume! Na ili dunia ione, mwaka huu makombora yote ya Ukavuni yatakwenda mji mkuu kwenye gwaride!"

Makofi. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele alianguka kwa jua, akabebwa nje huku bado ameshika kibendera.

Sajini Siwatu alivunja mstari. Alimfuata Waziri mpaka mlangoni mwa gari, akapiga magoti kwenye mchanga, askari mzima, mbele ya watu.

"Mheshimiwa, nakuomba. Nifanyeni lolote, nifungeni, lakini msiyatikise. Njia ya mji mkuu ni makorongo matupu, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Yakitikiswa katika hali hii na kurudishwa humu ndani, yatawaka. Kama lazima yaende, basi yasirudi hapa. Pale ng'ambo kuna watoto."

Waziri alimtazama kwa huruma. "Binti yangu," akasema, "unahitaji mapumziko." Kioo kikapanda. Jioni ile Sajini aliwekwa mahabusu, mlango wa pili kushoto, pamoja na kipimajoto chake.

* * *

Gwaride lilifana. Nasema kwa haki. Makasha yalipakwa tabaka la ziada la kijani, nyuma ya malori arobaini, tarehe zangu zikang'aa mbele ya jukwaa la Mtukufu Rais, ambaye alitimiza miaka hamsini na miwili akiwa na afya njema na wauguzi wanne. Njiani kurudi, lori moja lilizama korongoni, makasha yakamwagika, yakapakiwa tena kwa kurushiana mkono kwa mkono huku askari wakiimba; malori mengine kadhaa yaliharibika, yakaachwa njiani na shehena zake. Kanali alibaki mji mkuu kupokea nishani ya utunzaji bora. Mimi nilibaki hukohuko kwa mwanangu kupumzika miguu, na hiyo ndiyo sababu ninakusimulia.

Siku ya tatu baada ya makombora kurudi, saa sita na robo mchana, katika kipindi cha hesabu, ghala la Ukavuni lilijiwashia.

Nilikuwa umbali wa mwendo wa siku mbili, sikusikia. Walionieleza walisema kwanza ulitoka moshi wa rangi ya chungwa, mzuri, na watoto walikimbilia madirishani kuutazama. Kisha yakawa yaliyokuwa. Yalilipuka kwa saa nne, moja likiliamsha jingine. Vyumba vinne vya madarasa vilivyokuwa upande wa senyenge havikuonekana tena. Majengo mawili ya nyuma yalibaki na paa na kuta, bila vioo. Waliokufa sitawataja idadi, kwa kuwa idadi hiyo ni siri ya serikali na nimeapa. Nitasema tu kwamba mwalimu mkuu alipoita majina siku iliyofuata, alianza kuita kwa sauti na akamalizia kwa kusoma kimoyomoyo.

Mahabusu ilikuwa ya mawe, kuta zake nene. Sajini Siwatu alitoka mzima. Walimkuta shuleni akifukua kwa mikono.

Redio ya taifa ilitangaza jioni kwamba wananchi wa Ukavuni wameburudishwa kwa mizinga ya heshima iliyopigwa mfululizo kumpongeza Mtukufu Rais, na kwamba mashimo yaliyopatikana ni visima, zawadi ya serikali.

* * *

Hata hivyo, mtu alihitajika. Kwetu jambo ambalo halikutokea nalo huwa na mkosaji. Sajini akashtakiwa kwa kosa la kuzeesha mali ya umma kwa maneno. Mwendesha mashtaka alifafanua kwamba makombora yalikuwa machanga na yenye furaha mpaka mshtakiwa alipoanza kuyasemasema, na kombora, kama binadamu, likiambiwa kila siku kwamba ni zee, huishia kuvunjika moyo.

Nikaitwa shahidi. Nikaapishwa. Sajini alikuwa kizimbani, vidole vyake vimefungwa bendeji vyote kumi, ananitazama bila chuki, jambo ambalo lilinisumbua zaidi kuliko chuki.

"Mzee Kondo," akasema jaji, "makasha ya ghala la Ukavuni yalitengenezwa mwaka gani?"

Ilikuwa nafasi yangu. Ningeweza kusema tabaka thelathini na moja. Ulimi ulikuwa wangu, meno matatu yalikuwa yangu. Kanali alikuwa ameketi mstari wa mbele na nishani yake mpya, anatabasamu. Nilimfikiria mwanangu, aliye mtumishi wa serikali, na wajukuu. Nilijifikiria na mimi, nisifiche.

"Mwaka huu, Mheshimiwa."

"Unajuaje?"

"Niliandika mwenyewe."

Jaji akamgeukia mshtakiwa, akamuuliza kama ana swali kwa shahidi. Sajini akatikisa kichwa. Akaulizwa kama ana lolote la kusema kwa mahakama. Akasema maneno mawili, kwa sauti yake ile ya chini: "Baruti haisomi."

Maneno hayo yalifutwa kwenye kumbukumbu. Akapewa miaka kumi na miwili. Jaji alisema adhabu si kubwa, kwa kuwa mfungwa ni mali ya umma, na mali ya umma haizeeki. Watu walicheka mahakamani, nami nilicheka nao. 

* * *

Siku chache baadaye likaja jibu la barua ya Sajini, ile ya kuomba makombora yahamishwe. Serikali yetu huchelewa lakini hujibu. Ombi lilikuwa limekubaliwa. Makasha elfu moja na kitu ambayo hayakulipuka, kwa kuwa yalikuwa kwenye malori yaliyoharibika njiani, yatahifadhiwa mahali penye kivuli, penye upepo, na pasipo na watu kwa umbali wa kilomita moja. Ikatafutwa sehemu yenye sifa hizo. Ikapatikana: majengo mawili ya nyuma ya shule ya msingi ya Ukavuni. Madirisha hayana vioo, upepo unapita vizuri. Na watu karibu hawapo tena.

Nikapelekwa na brashi yangu kuyaandika upya. Nilikaa kwenye dawati, kwa sababu ndicho kiti kilichokuwepo, magoti yakigusa kidevu. Siku ya pili asubuhi nikaona mtu anakuja uwandani amebeba ubao kichwani. Alikuwa Bi Zuhura. Ulikuwa ubao wa mlango, umekatwa vizuri, umepigwa randa.

Hakunisalimia. Akauweka mbele yangu kwenye dawati.

"Niandikie," akasema. "Mwandiko wako mzuri. Jina, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa."

Nikaandika jina kwa mkono: MWAJABU. J ilipinda, nikairekebisha kwa kidole. Kisha nikafika kwenye mwaka. Mlinzi alikuwa mlangoni, na kazi yake ilikuwa kutazama kwamba hakuna mwaka unaoandikwa ila wa kwenye kibati. Kibati nilikuwa nacho kimoja tu. Nikakibandika mahali pa kuzaliwa, nikapitisha brashi. Nikakiinua, nikakibandika mahali pa kufa, nikapitisha brashi. Kazi ilitoka safi, haikuchuruzika.

Bi Zuhura hakusoma shule, lakini tarakimu anazijua, alikuwa mfanyabiashara. Alizitazama mbili zile, akazilinganisha, moja kwa moja, kwa kidole ambacho hakikugusa rangi.

"Mzee Kondo," akasema, "alikuwa darasa la pili."

Nikamwambia ndiyo kanuni. Nikamwambia asiguse, rangi bado mbichi. Akasubiri ikauke, akausimamisha ubao, akaubeba kichwani, akatoka kwa mlango wa walimu. Nje, kwenye mstari ambao watoto walikuwa wakipangwa asubuhi, wazazi wengine walikuwa wamesimama na mbao zao, na aliyefuata akaingia.